Kitabu cha Mapishi kama Mwalimu wa Lugha: Artusi na Vyakula vya Mikoa ya Italia

Walimu wengi wa lugha huviona vitabu vya mapishi kuwa ni mambo ya jikoni tu, wala hawavipi nafasi kando ya kamusi na riwaya. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi kitabu kimoja cha mapishi kilivyosaidia kueneza lugha ya taifa nchini Italia, na funzo ambalo sisi walimu wa Kiswahili tunaweza kulipata.

Usuli

Italia iliungana kuwa ufalme mmoja mwaka 1861. Hata hivyo, Kiitaliano sanifu, ambacho chimbuko lake ni lahaja ya Toscana, kilikuwa zaidi lugha ya vitabu. Nyumbani na sokoni watu walizungumza Kivenisi, Kinapoli, Kisisilia na lahaja nyinginezo. Vyakula navyo vilikuwa vya mikoa: Milano walijivunia wali wa zafarani, Napoli makaroni, Bologna tambi za mayai, na Livorno mchuzi wa samaki mchanganyiko uitwao cacciucco. Isitoshe, vitabu vya mapishi vya wakati huo vilijaa istilahi za Kifaransa.

Artusi na kitabu chake

Pellegrino Artusi hakuwa mpishi wala mwalimu. Alikuwa mfanyabiashara, mzaliwa wa Forlimpopoli katika eneo la Romagna (1820), aliyehamia Firenze. Mwaka 1891 alichapisha kwa fedha zake mwenyewe *La scienza in cucina e l'arte di mangiar bene*, yaani 'Sayansi ya jikoni na sanaa ya kula vizuri'. Toleo la kwanza lilikuwa na mapishi 475; kufikia kifo chake mwaka 1911 yalikuwa 790. Wasomaji, wengi wao wanawake, walimwandikia barua na kumpelekea mapishi ya kwao, naye akayajaribu nyumbani pamoja na wapishi wake, Marietta Sabatini na Francesco Ruffilli. Kitabu kilikua kama kamusi inavyokua: watumiaji wenyewe waliongeza vidahizo.

Lugha ya kitabu

Kwanza, Artusi aliweka mwanzoni faharasa ya maneno ya Kitoscana ambayo si kila msomaji angeyaelewa. Mfano ni *odori*. Kwa kawaida neno hilo ni 'harufu', lakini katika jiko la Toscana ni karoti, figili za majani, kotimiri na majani mengine ya kukolezea. Pili, hakukubali wala kukataa maneno ya kigeni kwa pupa. Mchuzi mweupe ambao Wafaransa huuita *béchamel* aliuita *balsamella*, lakini *bistecca* aliiacha, akaeleza kwamba asili yake ni Kiingereza. Tatu, alizungumza na msomaji: alitania, alisimulia visa, kisha akatoa maelekezo.

Lakini kitabu hiki kina upungufu wake. Mapishi ya Romagna na Toscana yametawala, na kusini mwa nchi kumepewa nafasi ndogo. 'Chakula cha Italia' anachokieleza ni kile kilichoonekana kutoka Firenze.

Funzo kwetu

Hali hii si ngeni kwetu. Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu mwishoni mwa miaka ya 1920, lahaja nyingine zilibaki pembeni. Hapa Uganda, mwanafunzi akieleza ndizi mbichi zilizomenywa, zikafungwa katika majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke, neno 'ndizi' peke yake halimtoshi. Akiandika 'matoke', je, tumkate alama? Artusi angelipokea neno hilo na kulieleza katika faharasa.

Tunapendekeza zoezi rahisi. Kila mwanafunzi aandike pishi moja la kwao kwa Kiswahili, atofautishe vitenzi kama kuchemsha, kutokosa, kukaanga, kuoka na kuchoma, kisha aambatanishe faharasa ya maneno yasiyo na kisawe. Mapishi hayo yakikusanywa, darasa litakuwa na matini halisi ya kusoma. Aidha, wanafunzi watajionea wenyewe kwamba lugha sanifu haipungukiwi inapopokea neno la jikoni kwao, ilmradi neno hilo lielezwe.