Babu na Mjukuu Katika Darasa Moja

Mnaijua desturi ya masomo yetu: mtoto huingia darasani, mzee hubaki nje. Siku ya kuandikisha watoto, babu humfikisha mjukuu hadi mlangoni, humkabidhi kwa mwalimu, kisha hushika fimbo yake na kurudi nyumbani. Tangu siku hiyo mjukuu atajifunza mambo ambayo babu hakupata kufundishwa, naye babu atakaa na mambo yake ambayo mjukuu hana tena nafasi ya kuyasikiliza. Hakuna ugomvi kati yao. Lakini mwaka kwa mwaka maongezi yao hupungua, hata husalia salamu ya asubuhi na salamu ya jioni.

Leo twapenda kuwasimulia habari za chuo kikuu kimoja ambacho kiliwapitisha wote wawili katika mlango mmoja.

Chuo hicho kiko Madison, mji mkuu wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Mwaka 2001, katika majira ya joto, wakati wanafunzi wengi wako likizoni, kilianza kuwakaribisha mababu na mabibi pamoja na wajukuu wao. Mjukuu awe na umri wa miaka 7 hadi 14. Masomo ni ya siku mbili tu. Kila mzee na mjukuu wake huchagua fani moja, kama wanafunzi wa kweli wafanyavyo: hawa elimu ya nyota, hawa mawe na ardhi, wale uganga wa mifugo, wengine utengenezaji wa vyakula. Wapendao hulala katika mabweni ya chuo, hula pale wanafunzi wanapokula, na mwisho hupewa cheti. Wala hawaketi kusikiliza hotuba ndefu. Kazi yao ni ya mikono: kugusa, kupima, kuchanganya, kuchungulia katika hadubini, na kuulizana.

Habari ya wazee kurudi masomoni haikuanzia hapo. Mwaka 1973, huko Toulouse katika Ufaransa, mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Pierre Vellas, alianzisha masomo kwa ajili ya watu waliokwisha kustaafu, na mfano wake ukaenea katika nchi nyingi. Miaka miwili baadaye vyuo vya New Hampshire, huko Marekani, viliwafungulia wazee mabweni yao wakati wa likizo. Lakini hao walikuwa wazee peke yao. Watu wa Madison waliongeza mtoto, na kwa maoni yetu, kwa kumwongeza mtoto walibadili jambo lote.

Mtu aweza kutuuliza: siku mbili zatosha kujifunza nini? Tena si bure, kwa kuwa jamaa hulipa ada. Na kile cheti hakimpi mtu kazi yoyote. Haya yote ni kweli. Zaidi ya hayo, Wamarekani wana shida ambayo wengi wetu hatuna: mara nyingi babu hukaa jimbo moja na wajukuu jimbo jingine, wakaonana mara chache kwa mwaka, hata siku mbili za kuwa pamoja ni mali kwao. Sisi tunalala chini ya paa moja. Lakini kulala chini ya paa moja si kuzungumza. Twafikiri faida kubwa ya masomo hayo ni hii: mtoto humwona mzee wake akiuliza. Humwona akikosea, akicheka, akijaribu tena. Mtoto aliyezoea kumwona babu akitoa amri, au akinyamaza, sasa anamwona akiwa mwanafunzi mwenzake, wala heshima ya babu haipungui hata kidogo.

Tuchukue fani moja iliyopata kufundishwa huko, yaani elimu ya maziwa: si ya ng'ombe, ni ya maji. Chuo cha Madison kimejengwa ukingoni mwa ziwa liitwalo Mendota, na ziwa hilo limechunguzwa kwa miaka mingi kuliko maziwa karibu yote ya dunia. Aliyeanza kazi hiyo ni Edward Birge, aliyefika huko mwaka 1875 akiwa mwalimu kijana. Baadaye aliongoza chuo kizima kuanzia mwaka 1918 hadi 1925. Alipostaafu alikuwa amepita miaka 70. Mwingine angetafuta kiti cha kupumzikia. Yeye alifuatana na mwenzake Chancey Juday kwenda kuchunguza maziwa ya kaskazini mwa jimbo, na kuendelea kujifunza miaka mingi. Alifariki mwaka 1950, mwenye umri wa miaka 98.

Na kifaa ambacho mwanafunzi wa elimu hiyo hukishika mapema ni kitu cha kushangaza kwa urahisi wake: sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kamba. Unaishusha majini polepole, unaitazama, hata inapotea machoni. Hapo unasoma urefu wa kamba. Kama maji ni maangavu, sahani yaonekana mbali chini. Kama yamejaa tope au mwani, yapotea upesi. Basi! Aliyeifanya sahani hiyo kuwa kipimo cha elimu ni padri, Angelo Secchi, Mjezuiti wa Italia, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya kuchunguzia nyota mjini Roma. Mwezi wa Aprili 1865 aliijaribu baharini, akiwa ndani ya meli ya Baba Mtakatifu, pamoja na nahodha Cialdi. Mtu yule aliyezoea kutazama juu, akiyapanga makundi ya nyota kwa rangi za nuru yao, siku hizo alitazama chini, majini. Na hata leo wataalamu wenye mashine za bei kubwa hawajaitupa sahani yake.

Hapa ndipo mzee na mtoto wanapohitajiana. Sahani hueleza jinsi maji yalivyo leo. Haisemi jinsi yalivyokuwa zamani, isipokuwa mtu aliandika, au mtu anakumbuka. Huko Madison waliandika. Katika majira ya baridi Mendota huganda, hata watu hutembea juu yake, na tangu miaka ya 1850 wakazi wameandika siku ya kuganda na siku ya kuyeyuka. Daftari hilo laonyesha kwamba siku hizi barafu hukaa karibu mwezi mzima pungufu kuliko zamani zile. Mjukuu akisoma hesabu hiyo, huona hesabu tu. Babu aliyecheza juu ya barafu hiyo utotoni huona maisha yake.

Tena mwaka 2009 alionekana ziwani mdudu mgeni mdogo sana, mwenye mkia kama mwiba, ambaye asili yake ni Ulaya na Asia. Mdudu huyo huwala viumbe wadogo ambao chakula chao ni mwani. Walaji wa mwani walipopungua, mwani ulizidi, na maji yakapoteza karibu meta 1 ya uangavu wake. Mtoto aweza kumwona mdudu huyo kwa hadubini na kueleza kisa chote. Lakini aliyeliona ziwa kabla ya mgeni kufika ni yule mzee aliyeketi karibu naye.

Sasa turudi kwetu, maana nasi tuna ziwa, na tuna wazee. Watu wa Goma na wa vijiji vya pwani ya kaskazini ya ziwa Kivu wanalijua neno mazuku. Ni mabonde madogo na mashimo ambamo mbuzi huingia kula majani asitoke tena, na mtoto aliyeinama kuokota kitu huanguka bila kilio. Wazee walijua mahali hapo, wakawakataza watoto, wakasema ni upepo mbaya. Walisema kweli. Wataalamu wa volkeno walipokuja na vipimo vyao walikuta kwamba ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini, ile ile tunayoitoa tunapopumua, lakini nyingi mno. Haina rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujikusanya chini, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wa kuitawanya. Ndiyo sababu mtu mzima aliyesimama aweza kupona mahali ambapo mtoto na mbuzi hufa. Na neno letu, mazuku, limeingia katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima bila kubadilishwa.

Fikirini sasa, ninyi wanafunzi mnaosoma gazeti hili. Mwalimu amekufundisha uzito wa hewa, lakini hakukuonyesha shimo liko wapi nyuma ya shamba lenu. Bibi yako analijua shimo, lakini hawezi kueleza kwa nini leo asubuhi lilimuua mbuzi na jana mchana halikumdhuru. Ninyi wawili mkiwa hamzungumzi, elimu hiyo imekatika vipande viwili, na katikati yake yuko ndugu yako mdogo anayekwenda kutafuta kuni.

Hatuhitaji kungoja chuo kikuu kituite. Chukueni sufuria pana lenye kina, ndani yake simamisheni mishumaa miwili, mmoja mfupi na mmoja mrefu, yote miwili ikiwa chini ya ukingo wa sufuria. Iwasheni. Mwageni chini soda ya kupikia mikate, kisha siki kidogo kidogo, kando ya mishumaa. Povu litatokea, ngojeni. Mshumaa mfupi utazimika kwanza, kisha ule mrefu. Bibi ataelewa mara moja, na huenda atakutajia mahali watatu au wanne ambapo hujapata kupasikia. Uandike majina hayo. Lakini mtu asiende na mshumaa kwenye mazuku yenyewe kujaribu! Jaribio ni la jikoni, mlango ukiwa wazi.

Na wale wanaokaa karibu na maji waweza kutengeneza sahani ya Padri Secchi. Kifuniko cha bati chenye upana wa sentimeta 20 chatosha. Kigawanyeni sehemu nne, mbili zipakwe rangi nyeupe na mbili nyeusi. Toboeni katikati, pitisheni kamba, fungeni jiwe chini yake ili isielee. Kamba iwe na fundo kila sentimeta 50. Mshushe sahani karibu na saa sita mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli. Mahali inapopotea, hesabuni. Ivuteni polepole, na mahali inapoonekana tena, hesabuni. Kipimo ni katikati ya hizo mbili. Mjukuu aandike tarehe na kipimo katika daftari, na karibu yake aandike maneno ya babu: maji ya mahali hapo yalikuwaje alipokuwa kijana, samaki gani walipatikana, mvua ilinyesha lini. Fanyeni hivyo mara moja kila mwezi, mahali pale pale.

Babu ndiye achague mtumbwi na siku, kwa kuwa ndiye aujuaye upepo wa ziwa. Na mtoto asiyejua kuogelea abaki ufukoni kwanza, ashike daftari.