Yoga humbadili nani?

Mtu akiniambia yoga imempunguzia maumivu ya mgongo, namwamini. Akiniambia imemfanya mtu mpya, hapo nasita. Mpya kwa nani? Kwa mwenzake wa ndoa? Kwa dada anayemfulia nguo na kumlelea watoto? Je, majirani na wafanyakazi wenzake nao wameuona upya huo, au anayeuona ni yeye peke yake?

Shaka yangu inaanzia kwenye maisha ya waliotuletea yoga hii. B.K.S. Iyengar alizaliwa India mwaka 1918, wakati wa janga la mafua, na utoto wake ulikuwa wa maradhi matupu: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu. Akiwa kijana alipelekwa Mysore kwa shemeji yake, Tirumalai Krishnamacharya, aliyekuwa akifundisha yoga katika jumba la mfalme miaka ya 1930. Mtoto yule dhaifu alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95, baada ya kufundisha watu wa mabara yote. Mwenye kukataa kwamba mwili wake ulibadilika atakuwa mbishi tu. Lakini mwalimu huyohuyo alijulikana kwa ukali na kwa kuwachapa wanafunzi makofi darasani. Bikram Choudhury, aliyetajirika Marekani kwa kufundisha yoga ndani ya vyumba vya joto kali, aliamriwa na mahakama ya Los Angeles mwaka 2016 kulipa zaidi ya dola milioni 6 kwa mwanamke aliyekuwa mwanasheria wake, aliyemshtaki kwa unyanyasaji wa kijinsia na kufukuzwa kazi isivyo haki. Ikiwa miongo mizima ya mazoezi haikumtengeneza tabia bingwa mwenyewe, wiki moja kwenye hoteli ya ufukweni itamfanyia nini mgeni?

Hata ukale unaonadiwa na wauzaji wa yoga una mipaka. Yoga Sutra ya Patanjali, yenye vifungu vifupi visivyofika 200, inagusia mkao wa mwili katika vifungu vitatu tu, na inachotaka ni mtu akae imara na kwa utulivu. Mtafiti Mark Singleton, katika kitabu chake cha mwaka 2010, ameeleza jinsi mikao mingi ya kusimama na kujipinda tunayoiona leo ilivyochangiwa na mazoezi ya viungo ya Ulaya yaliyoenea India enzi za ukoloni. Hilo halifanyi mazoezi hayo kuwa mabaya. Linatuondolea tu ulazima wa kuyapigia magoti.

Nimehudhuria madarasa haya Upanga, Dar es Salaam, katika ukumbi wa ghorofa ya pili ambao feni zake husukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Mkao ulionifunza zaidi ni ule wa kusimama kwa mguu mmoja, unyayo wa mguu wa pili umebanwa pajani, viganja vimekutana kifuani. Mwanzoni ni rahisi. Baadaye kisigino kinaanza kucheza, paja linatetemeka, na akili inatafuta pa kutorokea: simu, foleni ya jioni, mchele ulioisha nyumbani.

"Mwalimu, mguu unatetemeka," alilalamika mama wa makamo aliyekuwa mkeka wa jirani.

"Uache utetemeke, mama. Usishindane nao. Vuta pumzi kwa pua, itoe polepole."

Akafanya hivyo, nami nikafanya. Mguu haukuacha kutetemeka, ila ile hamu ya kuushusha ilipoa. Ni jambo dogo, na ni la kweli: unaweza kukaa na usumbufu bila kuukimbia na bila kuukasirikia.

Sababu yake haihitaji miujiza. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake waliowapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakikariri maneno ya yoga. Kwa njia zote mbili pumzi zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na miili yao ikawa hodari zaidi katika kurekebisha presha ya damu. Habari hiyo ingefaa kusomwa misikitini na makanisani, ambako yoga hutiliwa shaka ya aina nyingine. Baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga mwaka 2008. Saudi Arabia iliitambua kama mchezo mwaka 2017. Kila mtu na dhamiri yake, lakini moyo hutulia kwa pumzi ndefu, awe mwenyewe ameshika tasbihi au ameketi mkekani.

Kuhusu mgongo, ushahidi ni mzuri. Watafiti wa Boston waliwafuatilia watu 320 wenye maumivu sugu ya kiuno, wengi wao wa kipato cha chini, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba wiki 12 za yoga ziliwasaidia sawa na tiba ya viungo ya hospitali. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni juu ya nafsi, na hapa kuna tafiti mbili ambazo ukizisoma pamoja utashtuka. Ya kwanza ni ya Ujerumani, ya Jochen Gebauer na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2018. Waliwafuatilia wanafunzi 93 wa yoga kwa wiki 15 wakitaka kujua kama yoga hupunguza majivuno, kama inavyodaiwa. Waliona kinyume. Wanafunzi walipotoka tu kwenye mazoezi walijiona bora kuliko wenzao zaidi ya siku ambazo hawakufanya. Niliposoma hayo nilidhani kesi imekwisha.

Haikuisha. Mwaka 2014 daktari Bessel van der Kolk na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 64 waliobeba kiwewe kilichoshindikana kwa tiba nyingine. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kwa wiki kwa wiki 10; lingine lilipewa mafunzo ya afya. Mwishoni, wanawake 16 kati ya 31 wa kundi la yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa wa kiwewe. Upande wa pili walikuwa 6 kati ya 29. Katika yoga ya aina hiyo mwalimu hamgusi mwanafunzi wala hamwamrishi. Husema: ukipenda, inua mkono, ukitaka kuacha, acha.

Naamini matokeo haya mawili ni jambo moja. Yoga humwongezea mtu nafsi yake. Aliyejaa hujaa zaidi, akarudi nyumbani na kuwahubiria ndugu zake. Aliyepondwa, aliyefundishwa kwa kipigo au kwa kubakwa kwamba mwili wake si mali yake, huupata tena kidogo kidogo, kwa kuamua mwenyewe kama mkono utainuka au la. Kwake kujiona wa thamani ni kupona, na huko ndiko kubadilika ninakokukubali.

Nairobi kuna jaribio kubwa la kuipeleka yoga kwa watu wasio na pesa ya hoteli. Africa Yoga Project, iliyoanzishwa mwaka 2007, imewafunza vijana wa mitaa kama Kibera na Mathare kuwa walimu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mwenye shaka ana haki ya kuuliza kilichowabadili ni mikao au mshahara, marafiki na mahali pa kwenda kila asubuhi. Mimi nasema vyote, na mshahara nisingeuweka mwisho.

Ndiyo maana nakerwa kuona yoga ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Paje, ikipangwa zaidi kwa ajili ya wageni wa likizo. Wanaoihitaji kuliko wote wako kwenye nyumba salama za wanawake waliopigwa, kwenye magereza, kwenye kambi za wakimbizi za Kigoma na Kakuma. Mkeka wanao. Walichokosa ni mwalimu aliyefunzwa kutomgusa mtu mwenye hofu, na mtu wa kumlipa mwalimu huyo.