Daftari la Mganga na Askari Mlangoni

Kasulo ni ule mtaa wa Kolwezi ambao wenyeji wake walianza mwaka 2014 kuchimba kobalti chini ya nyumba zao. Basi mchimbaji akohoaye atakwenda zahanati, iwapo ajua kwamba jina lake na dawa zake zaweza kusomwa na polisi? Naona atakaa nyumbani, na kikohozi chake.

Sheria ya jinai ya Kongo, ya mwaka 1940, haikulinyamazia jambo hilo. Kifungu cha 73 chamwadhibu mtu aliyeaminiwa siri kwa kazi yake, kisha akaitoa. Milango iliyoachwa wazi ni miwili: aitwe kutoa ushahidi mahakamani, au sheria imlazimishe kusema. Askari adaiye daftari kwa neno lake tu hapiti popote.

Huko Kenya, Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza yakusanywe majina ya watoto wa shule wenye virusi vya UKIMWI. Watoto, jamani! Desemba 2016 Mahakama Kuu ilisema agizo lile lavunja Katiba, ikaamuru majina yaliyokwisha kuandikwa yafichwe ndani ya siku 45.

Muuguzi wa Kasulo naye aweza kuuliza kwa adabu: “Bwana askari, umeleta hati gani?”