Raha Kwanza: Kinachomwamsha Mwendesha Baiskeli Alfajiri

Muulize mtu anayetoka kwake Mbezi Beach saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi, kofia ngumu kichwani na taa nyekundu ikimetameta nyuma ya siti, kwa nini anajisumbua. Atakueleza habari za upepo, za wenzake, za supu ya Bagamoyo, au za kilima fulani cha Pugu kilichomshusha mwezi uliopita na ambacho leo anakwenda kulipiza. Shinikizo la damu atalitaja mwishoni, kama atalitaja. Sisi tunaoandika habari za afya huanza na huo mwisho: fanya mazoezi usije ukapata kisukari. Ukifuatilia tafiti za hamasa, utaona waendesha baiskeli ndio walioanzia mahali panapofaa.

Faida zenyewe hazina ubishi mkubwa. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na safari moja ya Bagamoyo na kurudi inazimaliza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 260,000 nchini Uingereza kwa takriban miaka mitano. Waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 41 kuliko waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba baiskeli ndiyo iliyowaokoa, maana huenda aliye mzima ndiye anayeiweza baiskeli, ingawa umri, sigara na mengine mengi yalizingatiwa katika hesabu. Hata tukiikubali namba yote, haimtoi mtu kitandani. Afya hulipa baada ya miaka. Usingizi hulipa papo hapo.

Bahati nzuri mwili nao una malipo ya papo hapo. Kwa muda mrefu ile furaha inayomjia mtu baada ya saa nzima ya kukanyaga pedeli ilihesabiwa kuwa kazi ya endofini, kemikali za mwili zinazofanana na mofini. Shida ni kwamba endofini zilizomo kwenye damu hazipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo. Watafiti wa Hamburg, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2021, waliwapa wakimbiaji dawa inayoziba vipokezi vya endofini, na wakimbiaji wakafurahi vilevile. Anayeshukiwa sasa ni endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili huzitengeneza wenyewe na ambazo hugusa vipokezi vilevile vinavyoguswa na bangi. Hizi hupenya. Msomaji asije akaichukua sentensi hiyo kama ruhusa.

Malipo hayo yana masharti, na hapo ndipo wageni wengi hupotelea. Panteleimon Ekkekakis, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojisikia wakiwa katikati ya mazoezi, si baada ya kuoga. Mradi mtu bado anaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, wengi hujisikia vizuri. Pumzi ikishaanza kuwakimbia, raha hushuka karibu kwa kila mmoja. Na anayeteseka juu ya baiskeli leo ana uwezekano mkubwa wa kutoonekana mwezi ujao. Kila kundi limempata mgeni wa namna hiyo: kanunua baiskeli ya bei, kaptula ya kubana na miwani, akajipanga nyuma ya watu wenye miaka mitano barabarani, akafika Bunju ulimi nje. Sasa baiskeli iko sebuleni, inaanikiwa taulo.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2016, uliofanywa kwenye baiskeli za ndani zisizokwenda popote. Kundi moja lilianza polepole na kumalizia kwa nguvu, jingine likaanza kwa nguvu na kumalizia kwa ulaini. Muda ulikuwa uleule. Waliomalizia kwa ulaini ndio waliokumbuka raha zaidi, na ndio waliotarajia kuyafurahia mazoezi hayo wakirudia.

Kwa mtu wa pwani hilo ni suala la upepo. Msimu wa kusi, anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo husukumwa mgongoni na kufika akijiona bingwa, kisha hurudi akipambana na upepo huohuo, jua limeshapanda. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, na nguvu ya kuushinda huongezeka kwa mchemraba: kasi mara mbili, nguvu mara nane. Ndiyo maana upepo usiotikisa hata mnazi unatosha kuivuruga safari. Anayeijua hesabu hiyo huelekea kusini wakati wa kusi, avuke Kigamboni kwenda Kimbiji, apigane na upepo miguu ikiwa mipya na kurudi akisukumwa. Kaskazi ikiingia, anageuza ratiba.

Siku ya manyunyu raha hiyo haipo, na hapo hufanya kazi mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Mtu wa kati alihitaji siku 66, wa haraka siku 18, na wa mwisho alikadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Wanaodumu hawana moyo wa chuma kama wanavyosifiwa: usiku wameshajaza tairi upepo na kupaka cheni mafuta, chupa ya maji iko kwenye friji, nguo ziko juu ya kiti. Saa kumi na moja hakuna la kuamua. Isitoshe, yupo mwenzao anayesubiri gizani Mwenge, na kumtupa ni aibu.

Kuhusu simu zinazohesabu kila kilomita, nina mashaka. Mwaka 1971 Edward Deci aliwalipa wanafunzi kutatua mafumbo waliyokuwa wakiyafurahia bure. Malipo yalipokoma, walipungukiwa na hamu ya kuyagusa. Nishani za simu si fedha, na zinapomwonyesha mtu kwamba kilima amekipanda haraka kuliko zamani humpa hisia ya umahiri, ambayo Deci na Richard Ryan waliihesabu miongoni mwa nguzo tatu za hamasa ya kudumu, pamoja na uhuru wa kuchagua na ukaribu na watu. Lakini mtu anayezunguka mbele ya geti lake ili 98 ziwe 100 ameshajipatia bosi mpya.

Joto letu nalo lina kanuni zake. Jasho hupoza mwili linapokauka, si linapodondoka, na hewa yenye unyevu hulichelewesha kukauka. Mwili uliotoka Njombe huhitaji kama siku 10 hadi 14 kuzoea. Kunywa kwa kiu. Maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi ya damu na yanaweza kuua. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo yasindikize na kitu chenye chumvi.

Watafiti wa Uholanzi walikadiria mwaka 2010 kwamba anayeacha gari na kushika baiskeli kwa safari fupi hupata miezi 3 hadi 14 ya maisha na kupoteza siku 5 hadi 9 kwa ajali. Hesabu hiyo ni ya nchi yenye njia za baiskeli. Kwetu, ukingo wa barabara ni wa bodaboda, mama ntilie na daladala inayochomoka kituoni, na wanaotoka alfajiri hukwepa magari kabla ya kukwepa jua.

Upungufu mmoja wa baiskeli hautibiwi na baiskeli. Mfupa huimarika unapobebeshwa uzito na kushtuliwa, nayo baiskeli humbeba mtu. Waendeshaji wengi wa mashindano ya barabarani wamepimwa na kukutwa na uti wa mgongo hafifu kuliko wa wakimbiaji. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi hilo si jambo dogo: apande ngazi, aruke kamba, abebe ndoo. Magoti yakiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kwa nyuzi 25 hadi 35, kazi ya spana moja kwa fundi yeyote wa mtaani. Ganzi ya sehemu za siri isiyoisha hata baada ya kubadili siti, au maumivu ya kifua yanayokuja mlimani na kuondoka ukipumzika, si ya fundi. Hayo yapeleke hospitali kabla ya kupanda baiskeli tena.