Mbona mtoto mzima huanza kuugua akikaribia miezi sita?

Mtoto huzaliwa akiwa mzima. Ananyonya, ananenepa, anacheka. Halafu, akikaribia miezi sita hivi, vidole vya mikono na miguu vinavimba, analia usiku kucha na macho yanageuka manjano. Kuanzia vijiji vya Kikoneni hadi mitaa ya Diani na Mombasa, si ajabu kusikia ikinong'onwa kwamba mtoto amepatwa na jicho la husuda, au kwamba maziwa ya mama yameharibika.

Huenda hakuna aliyemroga. Huenda mtoto huyo ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtu hurithi kwa wazazi wake. Lakini ikiwa alizaliwa nao, mbona haukuonekana tangu siku ya kwanza? Jibu limo katika jinsi jeni zinavyoongoza seli za mwili.

Kitabu kimoja, mapishi mengi

Kila mnyama, awe mbuzi, kuku au binadamu, huanza akiwa seli moja. Seli hiyo hugawanyika ikawa mbili, nne, nane, na kuendelea. Karibu kila seli hupata nakala ile ile ya jeni, yaani maagizo ya urithi kutoka kwa baba na mama. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini.

Mbona basi seli ya ini haifanani na ya jicho? Ni kama kitabu cha mapishi. Mmoja hufungua ukurasa wa wali wa nazi, mwingine wa mchuzi wa samaki, na kitabu ni kile kile. Kila seli hufungua jeni inazohitaji na kufunga nyingine.

Mwaka 1962, Mwingereza John Gurdon alieleza jinsi alivyochukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi na kukitia katika yai la chura ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa. Baadhi ya mayai hayo yalikua yakawa vyura. Maana yake, jeni za kuunda chura mzima hazikuwa zimepotea katika utumbo, zilikuwa zimefungwa tu. Gurdon alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012.

Swichi ya damu

Damu ni mfano mzuri. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya mimba, ambayo hushika oksijeni kwa nguvu ili aipate kutoka kwa damu ya mamake. Wakati wa kuzaliwa unapowadia na katika miezi inayofuata, jeni ya himoglobini hiyo hufungwa polepole, na ile ya utu uzima hushika zamu.

Kasoro ya selimundu imo katika jeni hii ya pili. Himoglobini ya mimba inapokuwa bado nyingi, humkinga mtoto. Ikipungua, chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kuvunjika mapema. Ndipo maumivu, uvimbe na upungufu wa damu huanza. Daktari Janet Watson wa New York alieleza kinga hiyo ya watoto wachanga mwaka 1948.

Kwa nini Pwani?

Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu nchini na kuona kwamba jeni hiyo ni ya kawaida zaidi Pwani na kando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayerithi nakala moja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Utafiti wa Kilifi umethibitisha hayo.

Mwenye nakala moja kwa kawaida si mgonjwa. Lakini wazazi wote wawili wakiwa nayo, katika kila mimba kuna uwezekano wa mtoto 1 kati ya 4 kurithi nakala mbili na kuugua. Kwa hivyo baba asimtupie mama lawama.

Kuna matumaini

Dawa ya haidroksiyurea huongeza himoglobini ya mimba. Matokeo ya majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018, yaliyohusisha zaidi ya watoto 600 katika vituo vinne vya Afrika, kikiwemo Kilifi, yalionyesha kwamba maumivu, malaria na vifo vilipungua. Mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayozima swichi ya jeni ya BCL11A, ambayo ndiyo huifunga himoglobini ya mimba. Gharama yake ni kubwa mno kwa mzazi wa kawaida.

Mzazi afanye nini? Ukiona dalili hizo, au ikiwa kuna selimundu katika ukoo, nenda kituo cha afya uulize kipimo chake. Ikibidi, uelekezwe hospitali kubwa kama ya Msambweni. Mtoto akipatikana nao, mpe penisilini na vidonge vya foliki kama daktari atakavyoagiza, alale ndani ya neti na apate chanjo zote. Akishikwa na homa, akipauka ghafla au tumbo likivimba upande wa kushoto, usingoje kuche. Mkimbize hospitali usiku huo huo.