Kifaru si Tangi: Jina la Zana ya Vita na Funzo Lake Ifo

Makala hii inakusudia kueleza jinsi Kiswahili kilivyoipa jina zana moja ya vita, yaani kifaru. Mfano wetu ni kambi ya wakimbizi ya Ifo, karibu na Dadaab katika Kaunti ya Garissa, ambako Kisomali, Kiingereza na Kiswahili hukutana katika darasa moja.

Zana hii iliundwa Uingereza mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ili ivuke mahandaki na seng'enge huku risasi zikinyesha. Kwa kuficha siri, ilisemwa kwamba yaliyokuwa yakitengenezwa ni matangi ya maji. Zilipoingia vitani kwa mara ya kwanza huko Somme, Ufaransa, tarehe 15 Septemba 1916, jina hilo la hadaa lilikwisha kuzizoea. Kisomali nacho kimelikopa: taangi. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kilimtazama mnyama mwenye ngozi nene, uzito mkubwa na pembe iliyotangulia mbele. Tangi likabaki la maji, kifaru kikawa cha vita.

Istiari hii inaungwa mkono na sarufi. Tukisema "kifaru amekwama matopeni", msikilizaji humwona mnyama. Tukisema "kifaru kimekwama matopeni", huona chuma. Ndivyo ilivyo kwa ndege aliyeanguka na ndege iliyoanguka. Jina ni lile lile, lakini upatanisho wa ngeli humtenga mwenye uhai na kisicho nao.

Je, chuma chenyewe kilifikaje Kenya? Katika miaka ya 1960, kampuni ya Vickers ya Uingereza ilibuni kifaru chepesi kwa ajili ya India, ambako kiliundwa kwa jina la Vijayanta. Baadaye muundo huo uliboreshwa: injini ikabadilishwa kwa ya dizeli yenye nguvu za farasi 720, na deraya ya mbele ya sehemu inayozunguka na mzinga ikatengenezwa upya kwa chuma cha kusubu. Mzinga ulibaki ule wa milimita 105. Kenya iliagiza vifaru hivyo mwaka 1977 na tena mwaka 1978, jumla yake 76. Miaka hiyo Somalia na Ethiopia zilikuwa zikipigania Ogaden, na jeshi la Somalia lilikuwa na vifaru vya Kisovieti. Kumbukumbu ya vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 ilikuwa bado mbichi, nayo ndoto ya Somalia Kuu ilijumuisha ardhi ya Garissa.

Hata hivyo, vifaru vilivyohofiwa havikuvuka mpaka kuivamia Kenya. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, silaha zake ziliangukia mikononi mwa makundi yaliyopigana yenyewe kwa yenyewe. Waliovuka ni raia. Ifo ilifunguliwa mwaka huo huo, ikafuatwa na Dagahaley na Hagadera mwaka 1992. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000 tu, nazo zikaja kupokea idadi iliyozidi hiyo mara kadhaa.

Kwa hiyo, mwalimu wa Kiswahili wa Ifo anapoandika "kifaru" ubaoni, hafundishi msamiati mtupu. Katika kambi hiyo tangi ni mahali pa kupanga madumu, ilhali taangi huenda ndiyo iliyomhamisha mzazi wa mwanafunzi. Twapendekeza aanze na mnyama, ambaye kwa Kisomali ni wiyil, amfundishe kwa upatanisho wa A-WA, kisha ndipo ahamie kwenye chuma na KI-VI. Mwanafunzi atapata ngeli mbili kwa neno moja, na pia lugha ya kusimulia yaliyoisibu jamaa yake bila kuyachanganya na maji anayoyateka kila siku. Wenzetu wanaotafiti ufundishaji wa Kiswahili kama lugha ya pili wana shamba pana huko ambalo bado linahitaji wakulima.