Timu iliyomfunga Simba mbona haiwi Simba?

Mazungumzo yetu ya wiki hii yanaanzia Mwandiga, mahali ambapo kila anayetoka mjini Kigoma kwenda Manyovu hana budi kupita. Nilishuka pale asubuhi kutafuta mawese ya nyumbani. Mzee anayeniuzia, baada ya "mwakeye" na habari za watoto, hakunipa hata nafasi ya kuuliza bei.

"Wewe mtu wa redio, hebu nieleze. Hawa vijana wetu wa Mashujaa wamemtoa Simba mara mbili. Mbona hawajawa Simba?"

Nilimjibu harakaharaka, kama tunavyojibu sisi watangazaji tunapokuwa hatuna jibu, kwamba mpira ni dakika tisini na unadunda. Mzee akacheka. Akapima lita zake tano taratibu, akasema hata mawese hutiririka, lakini hilo halielezi kwa nini bei imepanda. Nikarudi nyumbani na dumu mkononi na swali kichwani. Leo najaribu kulipa deni hilo.

Tuanze na siku zenyewe. Tarehe 26 Desemba, 2018, Mashujaa ya Kigoma, timu ya wanajeshi ambayo wakati huo washabiki wengi wa Dar es Salaam hawakujua hata inavaa jezi ya rangi gani, iliifuata Simba huko huko Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho la Azam na kuifunga mabao 3 kwa 2. Simba ilikuwa imetoka kuitoa Nkana ya Zambia siku tatu tu kabla na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Nchi nzima ilikuwa inaimba. Halafu likaja hilo la Kigoma.

Mara ya pili ilikuwa Aprili 9, 2024, safari hii katika Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma. Simba ilikuwa imetolewa na Al Ahly kule Cairo tarehe 5, ikasafiri hadi kwetu na miguu yenye uchovu. Dakika tisini zikaisha kwa sare ya bao 1 kwa 1, na Mashujaa ikashinda kwa mikwaju ya penalti, 6 kwa 5. Siku iliyofuata ilikuwa Idd el Fitri. Mtu mmoja pale Ujiji aliniambia kwamba mwaka ule walikula Idd mbili kwa mchele wa moja. (Mimi sifichi, nyumbani kwetu ni Simba, na pilau ile ilinipita kwa taabu.)

Sasa angalia tarehe hizo mbili, msomaji wangu. Baina yao kuna zaidi ya miaka mitano. Mzee wangu wa Mwandiga anakumbuka ncha mbili za kamba. Swali lake linajibiwa na katikati ya kamba, mahali ambapo hapakuwa na kamera wala wimbo.

Kombe ni mtoano. Ukishinda leo unaendelea, ukifungwa unarudi nyumbani. Timu ndogo inaweza kukusanya nguvu zake zote kwa siku moja, ikajifungia kambini, ikaomba dua, ikampiga mkubwa aliyechoka. Ligi haiendi hivyo. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila moja inacheza michezo 30, na 15 kati ya hiyo ni ya ugenini. Pointi alizochukua mtu kwa Simba ni tatu, sawasawa na zile anazochukua kwa timu inayoburuta mkia. Aliyemfunga Simba Desemba 2018 hakupata hata pointi moja ya ligi kwa kazi hiyo, kwa sababu halikuwa pambano la ligi. Alipata jina gazetini. Baadaye alirudi kucheza na wenzake wa daraja la chini, mbele ya washabiki wa kuhesabika, kwa bei ileile ya chakula na usafiri.

Na daraja lile, ambalo siku hizi linaitwa Championship, ni gumu kutoka. Wawili wa juu hupanda moja kwa moja. Wa tatu na wa nne huingia katika mchujo: hucheza wao kwa wao, na mshindi hukutana na timu ya Ligi Kuu iliyoshindwa katika mchujo wa wale waliomaliza nafasi ya 13 na ya 14. Maana yake ni kwamba aliyemaliza wa nne analazimika kumtoa mwenzake wa chini, kisha kumtoa mtu wa juu anayepigania uhai wake. Ndiyo njia aliyopita Mashujaa mwaka 2023. Aliimaliza Championship nyuma ya JKT Tanzania, Kitayosce ya Tabora na Pamba ya Mwanza. Akaitoa Pamba. Mwezi Juni akaikabili Mbeya City, akaifunga nyumbani na kwenda kuimaliza kwao Mbeya.

Hapa nitatua kidogo, maana Mbeya City ni hadithi ambayo kila mpenda soka wa Kigoma angepaswa kuisoma mara mbili. Timu hiyo ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya ilianzishwa mwaka 2011. Mwaka 2013 ilikuwa tayari imepanda Ligi Kuu. Msimu wake wa kwanza, 2013/14, chini ya kocha Juma Mwambusi, ilimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, na Simba ikiwa chini yake! Mabasi ya washabiki yaliifuata nchi nzima. Watu walisema ukubwa wa Simba na Yanga sasa umepata wa kuugawana. Miaka kumi baadaye, tangu ile iliyopanda, Mbeya City hiyohiyo ilikuwa inashuka, na aliyeisukuma ni kijana kutoka Kigoma.

Nini kilitokea katikati? Hapakutokea mkasa wowote. Wachezaji waliong'ara walisajiliwa na wenye fedha, kama ilivyo kawaida. Kocha naye alipata kazi kubwa kwingine. Kila msimu timu ilianza upya na vijana wengine, na msimu mmoja mmoja nafasi ikateremka, ikapanda kidogo, ikateremka tena. Ndivyo miaka kumi ya timu ndogo inavyokwenda. Ni mtu anayepanda kilima na mzigo kichwani, na kila akipumzika kuna mpita njia anayemchukulia kitu kimoja.

Nitoke nje ya nchi kidogo, kwa sababu kuna nchi ambayo swali la mzee wangu limepata jibu la ajabu. Marekani wana mpira wao, ule wa kubebwa mikononi, wachezaji wakiwa wamevaa kofia ngumu na mabega ya bandia, na mpira wenyewe umechongoka ncha mbili kama papai dogo. Mchezo huo unapendwa sana katika vyuo. Katika jimbo la Texas kuna chuo kiitwacho Prairie View A&M, kilichoanzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya watu Weusi. Kuanzia mwaka 1989 hadi 1998 timu ya chuo hicho ilifungwa michezo 80 mfululizo. Sikukosea, themanini. Mwaka 1990 haikucheza kabisa, na iliporejea fedha za kuwasomesha wachezaji hazikuwapo. Bendi ya chuo ndiyo iliyokuwa ikijaza uwanja. Tarehe 26 Septemba, 1998 ikawafunga Langston pointi 14 kwa 12, na ukame ukakatika.

Kwetu timu ya namna hiyo isingefika hata mchezo wa sitini. Ingekuwa imeshuka daraja, imeshuka tena, na mwenyekiti amejiuzulu. Prairie View ilibaki ilipokuwa kwa sababu mbili: ligi za vyuo vya kule hazina kupanda wala kushuka, na timu ni ya chuo. Chuo hakifungwi kwa sababu ya mabao. Wanafunzi wanaingia, wanahitimu, wengine wanaingia. Mwaka 2009 timu hiyohiyo ilikuwa bingwa wa ligi yake. Sisemi utaratibu wao ni bora; mtu asiyeogopa kushuka anaweza kulala usingizi miaka tisa, kama walivyolala. Ninachotaka uone ni kwamba palikuwa na mwenye nyumba aliyeendelea kulipa kodi.

Turudi Kigoma sasa, tuulize kodi hiyo ni kiasi gani. Chukua ramani. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Msimu wa 2023/24 Dar es Salaam ilikuwa na Simba, Yanga, Azam, KMC na JKT Tanzania. KMC anapocheza ugenini na Azam anapanda basi mchana, jioni anakula nyumbani. Mashujaa "jirani" zake walikuwa Tabora, Geita na Bukoba, na kila mmoja ni safari ya kuanza alfajiri. Kila safari ina nauli, vitanda, chakula, posho, na siku za mazoezi zinazopotelea barabarani. Mchezaji anayeshuka kwenye basi na magoti yaliyoganda hafanani na aliyeamka kitandani kwake. Hilo halionekani kwenye msimamo wa ligi, lakini limo ndani ya kila pointi.

Mapato nayo? Viingilio vya Lake Tanganyika hujaa siku za Simba na Yanga, yaani siku mbili kwa msimu. Zilizobaki ni za wenye moyo. Tangu mwaka 2021 ipo fedha ya televisheni, baada ya Azam Media kutia saini na TFF mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6, na upo udhamini wa benki ya NBC. Fedha hiyo imezisaidia mno timu ndogo. Lakini inapatikana kwa aliye Ligi Kuu. Ukishuka, bomba linafungwa, huku mikataba ya wachezaji uliowasajili kwa bei ya Ligi Kuu ikiendelea kudai.

Ndiyo maana nafasi ya 8 aliyomaliza Mashujaa katika msimu wake wa kwanza, 2023/24, mimi naihesabu kuwa kazi kubwa kuliko penalti zile sita. Watu waliiona nafasi ya kawaida tu. Walioangalia msimamo vizuri waliona kwamba pointi zilizoitenganisha na nafasi ya 13, ile ya mchujo, hazikufika tano. Ushindi wa mara mbili ungegeuka vipigo, Kigoma ingekuwa inacheza mchujo tena, safari hii ikiwa upande wa Mbeya City.

Mwenye nyumba wa Mashujaa ni Jeshi la Wananchi. Hilo ni jambo la bahati, na wazee wa Mwanga na Gungu wanaoikumbuka Reli Kigoma watanielewa. Zamani timu za mikoani zilikuwa na baba: Reli, Bandari, Pamba, Ushirika, na zile za kampuni za biashara za mikoa. Mashirika yalipodhoofika na kubinafsishwa, timu zilibaki yatima. Pamba ya Mwanza, iliyokuwa ikitetemesha nchi, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 hadi iliporejea mwaka 2024 chini ya jiji. Majirani zetu wa Tabora, waliopanda pamoja na Mashujaa, mwaka 2025 walichukuliwa na Mamlaka ya Mapato na kuitwa TRA United. Utaratibu ule wa zamani unarudi kwa mlango wa nyuma.

Wala mtu asidhani magwanda yanafunga mabao. Mwaka uleule wa 2023 waliotoka Ligi Kuu moja kwa moja ni Ruvu Shooting ya JKT na Polisi Tanzania. Mwaka 2024 ikashuka Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000, pamoja na Geita Gold yenye dhahabu jirani. KenGold ya Chunya ilipanda 2024, ikashuka 2025. Msimu huo wa 2024/25 ulipokwisha Mashujaa ilikuwa bado imesimama, na Mbeya City ilikuwa imejikokota na kurudi, Mtibwa nayo vilevile.

Juzi nilirudi Mwandiga na dumu langu tupu. Nilimweleza mzee yote haya, akinisikiliza huku akiwahudumia akina mama waliotoka kununua dagaa. Nilipomaliza alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo Simba ana watu, na sisi tuna jeshi."

Nikasema ni kama hivyo.

"Na siku jeshi likisema sasa basi, timu ni ya nani?"

Nikamlipa mawese yake. Safari hii alikuwa amepandisha bei tena.